Mshale Uliogoma Kwenye Sitini na Tisa

Umewahi kumwomba Mungu chombo cha mume wako kiwe kibovu?

Mimi nimewahi. Na chombo chenyewe kilikuwa ndege.

Ndege kweli, wala sitanii. Ya viti viwili, mabawa ya bati jepesi, na mume wangu Bader aliijenga kwa mikono yake ndani ya ghala letu la vitenge, pale Quartier Asiatique, Bujumbura.

Ukoo wake wote ni Waarabu wa maduka. Babu aliuza vitenge, baba aliuza vitenge, yeye yuko ghalani anapiga ribiti kwenye bawa. Mtaa mzima ulimcheka, na mimi mkewe nilikuwa wa kwanza.

Kisha vita vikaja, kicheko kikatuisha.

Mwishoni mwa 1996 nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo. Ndege za abiria hazitui, mafuta ni ya magendo, na milio ya bunduki kutoka milimani tulikwisha kuizoea kama mvua. Hapo ndipo mkubwa mmoja aliposikia habari za ndege yetu.

Jina lake nalimeza hadi leo. Alikuwa na jeep, walinzi, na mizigo aliyotaka ivuke ziwa bila kupita mpaka wa Gatumba, maana pale macho ni mengi. Mizigo gani, hatukuuliza.

Tulichokijua kilitosha. Madereva waliowahi kumbebea mizigo hiyo hawakuonekana tena. Safari ikiisha, na shahidi anaisha.

Alimwambia Bader kwamba ndege ikiwa tayari, yeye Bader atairusha kwa ajili yake. Bader alijibu kwa heshima zote kwamba ndege inakaribia, ila injini haina pumzi.

Ngoja niwaeleze hiyo pumzi, ndipo hadithi ilipo.

Mbele ya kiti cha rubani palikuwa na kidude cha duara chenye mshale. Bader alikiita mano. Bomba jembamba lilitoka pale injini inapovutia hewa, likaingia nyuma ya mano, na mshale ukakuonyesha hewa inayoingia ina nguvu kiasi gani. Kitabu chake cha Kifaransa kilisema ukifungua gesi yote, mshale ufike karibu na sabini na sita.

Wetu ulikuwa unagoma sitini na tisa.

Kila alipokuja mkubwa, Bader aliwasha, mshale ukaanguka, akafungua gesi, ukapanda, ukagoma. Anafunua kitabu, anamwonyesha namba. Mkubwa anaondoka amenuna. Bader anaifungua injini upya, anabadilisha gasketi, anafunga, na bado mshale haubanduki.

Mimi nilikuwa kwenye mswala: Ya Rabbi, injini hii usiiponye.

Mchana mmoja niliingia ghalani kufuta vumbi. Injini ilikuwa imezimwa, baridi kabisa. Nikapitisha kitambaa juu ya mano, nikasita.

Mshale ulikuwa kwenye sitini na tisa.

Nilidhani umekwama. Nikaugongagonga, ukacheza kidogo, ukarudi palepale. Nikakaa kwenye robota la vitenge nikafikiri. Mano inapima hewa. Injini ikilala, hewa iliyomo bombani ndiyo hii ninayovuta mimi. Basi hewa ya Bujumbura yenyewe ni sitini na tisa, na ile sabini na sita ni hewa ya kando ya bahari.

Sisi watu wa Buja tunajiona tuko chini kuliko wote. Milima yote inatutazama kwa juu, mtu akitoka Muramvya anasema anashuka kwetu, na mchanga tunao, na mawimbi tunayo. Nani akumbuke kwamba ziwa lenyewe limekaa karibu mita mia nane juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi? Tulifundishwa shuleni, tukajibu mtihani, tukasahau.

Injini ilikuwa inavuta hewa yote iliyopo. Ilikuwa buheri wa afya.

Nilikimbia dukani. Sikumaliza hata sentensi, Bader akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza, Mama Rania. Mi najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Moteri ikipona, mi nakufa."

Kumbe ule ugonjwa niliouombea dua haukuwapo. Kati ya mume wangu na risasi palikuwa na kitabu tu, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa baharini. Siku ambayo mtu mwenye akili angeichungulia mano injini ikiwa imezimwa, tungekwisha.

Nilimsihi aivunje mano. Akasema ikivunjika, mkubwa ataleta nyingine, na fundi wa kuifunga.

Fundi alikuja bila hata mano kuvunjika.

Jeep ilisimama asubuhi, mkubwa akashuka na mtu mwembamba mwenye ovaroli. Anaitwa Rénovat, mkubwa akatuambia, fundi wa uwanja wa ndege, amemtoa kwake Musaga kabla hajanywa chai. Kisha akaweka bastola juu ya bawa, kama mtu anavyoweka funguo mezani.

"Leo tutajua nani anadanganya," alisema.

Rénovat aliinama ndani. Injini ilikuwa bado haijawashwa. Niliona macho yake yakitua kwenye mano, yakabaki hapo. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

Amejua. Shahada ikanijia mdomoni yenyewe.

Akawasha, mshale ukaanguka. Akafungua gesi, vumbi likatimka, mshale ukapanda ukagoma palepale. Akazima.

Mkubwa akanigeukia. "We mama, bwana yako anasema moteri haina pumzi. Ni kweli?"

"Mi najua vitenge tu, mukubwa."

"Na we, Rénovat?"

Rénovat alijifuta mikono polepole. "Imekufa, mukubwa. Ukipanda hii, itakutupa mu ziwa."

Mkubwa akachukua bastola yake. Nikafumba macho.

Ikalia mara mbili.

Nilipofumbua, Bader alikuwa amesimama. Oili ilikuwa inamwagika kutoka kwenye injini hadi sakafuni. Jeep ilipoondoka, mume wangu alikaa kwenye ile oili akalia, na mimi nikalia kwa sababu alikuwa na uhai wa kulia.

Miaka ilipita, vita vikaisha. Kwenye harusi moja kule Ruziba nikamwona Rénovat, mvi kichwani, anakula samaki. Nikamwendea na machozi yangu. Nikamwambia Mungu atamlipa, kwa kuhatarisha maisha yake kwa watu asiowajua.

Akaweka samaki chini.

"Apana, Mama. Usinishukuru bure. Mu jeep aliniambia: ikiwa nzima, we ndo utairusha leo leo. Yule Mwarabu atabaki mu ghala, sina kazi naye tena."

Bader hakuwa hata wa kusubiri safari. Angeuawa asubuhi ileile, mbele yangu.

"Na mi ni fundi," Rénovat akaendelea. "Sijawahi kurusha hata kishada. Zaidi ya hapo, naogopa ndege."

"Fundi wa ndege unaogopa ndege?"

"Ndo mi nazifungua, Mama. Najua vyenye vinalegea ndani."

Nilicheka mpaka nikalia tena.

Ndugu zangu, vita vile vilikuwa na mashujaa wengi, na wengi wao tuliwazika. Mimi mume wangu ninaye, yuko sebuleni anakoroma, kwa sababu mtu mmoja alikuwa mwoga kwa wakati wake. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Siku ile Rénovat alikimbiza lake, na sisi tulikuwa chini yake.