Upande wa Kupinga

Shuleni kwetu, upande wa Mungaa, mwalimu wa Kifaransa nilikuwa mimi peke yangu. Walimu wa Kiswahili walikuwa watatu, wakisomeana insha za wanafunzi na kucheka mpaka machozi. Mimi nikikuta kosa la kuchekesha kwenye daftari nilicheka mwenyewe, nikalifunga. Shule nzima iliniita Madame, hata mama aliyetuuzia maandazi, na nadhani wengi hawakuwahi kulijua jina langu. Kwetu ni mbali. Nilipewa nyumba ya vyumba viwili, na kimoja sikukifungua kwa miezi. Kuna Jumamosi na Jumapili zilizopita bila mimi kutoa sauti, ila kuitikia shikamoo za watoto waliopita na ng'ombe.

Kidato cha tatu, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamechagua somo langu. Vitenzi walivijua. Waliweza kueleza habari za familia, soko na hali ya hewa. Ila ukiwauliza wao wenyewe wanaonaje, walikaa kimya. Ndipo nikaanzisha mdahalo kila Alhamisi, juu ya mambo ambayo tayari yalikuwa yakigombaniwa majumbani mwao: mahari, viboko shuleni, mabinti kurithi shamba. Wasemaji walikuwa wanne, wawili kila upande, na upande ulipatikana kwa kuokota karatasi, ili mtu alazimike kutafuta maneno ambayo hakuyazoea. Walibishana kwa Kifaransa kilichovunjika vunjika, nami nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi pale.

Katika hao kumi na mmoja alikuwamo binti aliyehamia kwetu mwanzo wa mwaka kutoka Mkalama. Alikaa kwa mama yake mdogo, kijiji cha jirani. Alikuwa hodari wa kuandika na mzito wa kusema. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa darasa lake, yule mama mdogo alinieleza kwamba binti alikuwa amejifungua mwaka uliopita, na kwamba mtoto, wa kiume, alibaki Mkalama kwa bibi yake. Shuleni tulijua wawili tu, mkuu wa shule na mimi. "Nakuomba, mwalimu," aliniambia yule mama, "wenzake wasijue. Safari hii asome."

Alhamisi moja wanafunzi wenyewe walichagua mada: binti aliyejifungua arudi shuleni. Ruhusa ya serikali ilikuwapo, lakini majumbani ubishi haukuwa umekwisha. Ningeweza kuikataa mada ile. Sikuikataa, kwa sababu sikutaka wajiulize kwa nini. Karatasi zikazungushwa, na yule binti wa Mkalama akaokota moja ya wasemaji. Upande wa kupinga.

Nilimsogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Naweza kukubadilishia."

"Hapana, Madame. Niache nayo."

Waliomtangulia walisema yale yale ya siku zote, huyu kwamba elimu ni haki, yule kwamba aliyejifungua atawafundisha wenzake tabia mbaya. Kisha akasimama yeye. Hakushika karatasi. "*Le bébé ne sait pas attendre*," akaanza. Mtoto mchanga hajui kusubiri. Akaeleza msichana anayekaa darasani huku maziwa yakimtoka, akijifunika kwa sweta wakati wa jua kali ili wenzake wasione blauzi iliyolowa. Akaeleza anavyosikia mtoto analia hata pale ambapo hakuna mtoto. Akasema mwili wake uko shuleni, lakini sikio limebaki nyumbani, na mwalimu akimwuliza swali anaona aibu kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. "*Donc*," akamaliza, "*il faut qu'elle reste avec lui*." Kwa hiyo inabidi abaki naye.

Alikuwa ametumia vizuri muundo wa sentensi ambao nilikuwa naufundisha tangu Januari bila mafanikio. Wenzake wakampigia makofi. Mvulana mmoja wa nyuma akasema kwa Kiswahili, "Huyu ana akili ya kubuni!" Wale saba ambao hawakusema walinyoosha mikono kupiga kura, na sita wakawa upande wake.

Akakaa, akaitazama meza. Nami nilichosema ni "*Très bien*", vizuri sana, kisha nikageuka kufuta ubao. Ningeweza kusema neno lolote. Ningeweza kuwaambia kwamba hoja nzuri si lazima iwe ya kweli. Nilifuta ubao mpaka kengele ikalia.

Ijumaa hakuja. Jumatatu hakuja. Jioni ile nikachukua bodaboda mpaka kwa mama yake mdogo, nikamkuta binti uani anapiga alizeti kwa fimbo, vumbi limemjaa kwenye nyusi. Mama mdogo aliniletea kiti, akatupisha.

"Shikamoo, Madame."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi." Akaendelea kupiga. "Walinipigia kura, Madame. Sita."

"Walipigia hoja kura. Hawakujua."

"Wewe ulijua."

Nikamwambia, "Nilipaswa kusema kitu, sikusema. Nisamehe." Nadhani hakuwahi kusikia mwalimu akiomba msamaha, kwa sababu fimbo ilisimama.

"Kwa Kiswahili nisingeweza kuyasema yale," akasema. "Wala kwa Kinyiramba. Kule kwetu kila neno lina mtu wake aliyenitukana nalo. Kifaransa hakuna aliyewahi kunitukana nacho."

Nikamwambia Alhamisi tungerudia mada ile ile, ila pande zibadilishwe, ajitetee. Akatikisa kichwa upesi. "Nitalia. Wakiniona nalia, watajua." Basi nikaliacha. Nikaokota fimbo nyingine, tukapiga alizeti pamoja mpaka jua likashuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kule kukaa na mtu bila kutafuta la kusema.

Jumanne alikuwa darasani. Mada ile haikurudi tena. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa kidato cha nne, na jioni ya mtihani wa mwisho akapanda basi kwenda Mkalama kwa mwanawe bila kuniaga. Sikumlaumu. Nilisikia baadaye kwamba alipata nafasi ya kuendelea na masomo, na kwamba mtoto sasa anamwita mama, jambo ambalo mwanzoni mtoto alikuwa akilikataa.

Matokeo yalipotoka, alama yake ya Kifaransa ilikuwa ya juu kuliko zote. Katika ofisi ya walimu mwalimu wa taaluma akaniuliza, "Huyu binti ulimfundishaje, Madame?"

"Kwa mdahalo," nikasema.

Walingoja niendelee. Nilitamani sana kuendelea. Mwishowe mmoja akauliza kama mbolea imeshafika kijijini, wakageukia hilo, nami nikavuta daftari la juu nikaanza kusahihisha.