Uzi wa Buluu na Sumaku ya Madungu

Uzi uliokazwa juu ya kitambaa cha bafta, ukivutwa katikati na kuachiwa, hutoa mlio mfupi na mkavu, kama kijiti kilichokanyagwa. Katika sauti zote za nyumbani kwetu, kijijini Ole, hiyo ndiyo iliyoniingia mwanzo ikakaa. Mama alikuwa mchoraji wa kofia za viua. Washonaji walikuwa wengi; ungepita nyumba yoyote ungemkuta mtu barazani, sindano mkononi na kofia mapajani. Lakini kabla ya sindano lazima pawe na mchoro, na kwa mchoro watu walikuja kwa mama. Walimletea bafta nyeupe, imekunjwa mara mbili na kutiwa wanga, naye akaijaza mistari na maua, wao wakaenda kuitoboa na kuishona kwa wiki baada ya wiki.

Mistari hakuichora kwa rula. Aliupaka uzi unga wa buluu ya kufulia, mimi nikashika ncha moja, yeye akashika ya pili, kisha kwa vidole viwili vya mkono wake wa kulia akauinua uzi na kuuachia. Tak. Mstari wa buluu ukalala juu ya nguo, umenyooka, mwembamba kama unywele.

"Usipumue," aliniambia kila mara, kwa sababu unga ulikuwa bado haujashika.

Nilijifunza kuzuia pumzi kabla sijajifunza kusoma. Mstari wa mwisho ukishaingia, mama alialisha vidole vyake, gumba na cha kati, mlio mmoja tu, na hapo nikajua nimeruhusiwa kupumua.

Mkono wake ulipoanza kutetemeka, hakuniambia. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwenye duka moja la kuchapisha kadi za harusi, mjini Madungu, nikitoka asubuhi na kurudi jioni. Niliyaona mambo madogo madogo. Chai ilianza kumiminwa nusu kikombe. Mkono wa kulia, akikaa na wageni, aliukalia chini ya paja. Nilipomwita aje tupige mistari, alisema mgongo unamuuma, nipige mimi. Na zaidi ya yote, ule mlio wa vidole ulikoma. Kazi ilimalizika kimya, nami nikabaki nimejaza hewa kifuani, sijui niitoe lini.

Kisha akaja somo wa bibi harusi.

Kwetu msichana akishaposwa hukabidhiwa somo, mwanamke mzima wa kumfunda na kumsimamia mpaka harusi ipite. Somo huyu alikuwa rafiki wa mama tangu chuo cha Kurani, na Ole nzima ilimjua kwa ulimi wake. Alikuja na bafta imefungwa ndani ya kanga safi.

"Hodi! Wenyewe mpo, au mmeshahama?"

"Karibu, shoga. Tuhame twende wapi?"

"M'hali gani?"

"Alhamdulillahi. Na nyinyi wazima?"

"Wazima. Ulimi tu ndio unaniwasha." Akaketi mkekani, akaifungua kanga. "Bafta hino katia wanga mwenyewe yule mtoto. Kaipiga pasi mpaka kaunguza leso ya mamake. Ataka kumshonea mumewe kofia, tena kwa mkono wake, bila ya kusaidiwa. Basi nataka maua yako, si ya mwengine. Siku hizi kila mtu mchoraji. Ua lao ukilitazama, wadhani kaa kakanyagwa."

Mama alicheka. Mkono wa kulia ulikuwa chini ya paja. Nilileta chai, na kwa sababu aliimimina yeye, ilikuwa nusu.

Somo alikitazama kikombe. "Mbona nusu? Sukari imepanda, au mapenzi yameshuka?"

"Kunywa kwanza hiyo," mama alisema. "Ikisha nakuongeza."

Somo alikunywa, lakini macho yake hayakutoka kwenye paja la mama. Kisha akavuta pindo la buibui lake, lililokuwa na uzi unaoning'inia.

"Hebu nikatie uzi huu kwa ule uchawi wako."

Uchawi huo watoto wote wa jirani waliujua. Uzi unauzungusha kidoleni, unaupitisha juu yake wenyewe upate kujikata, kisha unaupa mshtuko mmoja. Unakatika bila mkasi wala meno. Tulipokuwa wadogo tulidhani mama ana wembe ndani ya ngozi.

"Mkasi huo hapo," mama alisema.

"Mkasi hata kwangu upo. Mie nataka uchawi."

Nilisimama na sinia mikononi. Mama aliutoa mkono chini ya paja polepole. Niliuona ukitetemeka ulipokwenda, ukitetemeka ulipokuwa unauzungusha uzi, na nilimwona somo akiuona. Kisha mama akavuta ghafla. Tak. Uzi ukakatika, na kwa kile kitambo kidogo cha mshtuko mkono haukutetemeka hata chembe.

"Ahsante," somo alisema taratibu, kwa sauti ambayo si yake. Akainuka. "Jumamosi asubuhi nakuja kuichukua. Yule mtoto sindano zinamwasha."

Alipotoka, mama alichukua gazeti kuukuu na kalamu ya wino, akajaribu ua moja pembezoni. Ukingo wake ulitoka na meno meno, kama jani lililoliwa na kiwavi. Akajaribu la pili. Akaiweka kalamu chini.

"Huyo kaa mwenyewe," akasema.

"Tumwambie unaumwa, mama."

"Nikiumwa, bafta itapelekwa kwa mwengine. Na inayofuata, na inayofuata. Mie siogopi kupumzika. Naogopa siku watakapopita na bafta mbele ya mlango huu, nawaona, na hapana atakayepiga hodi."

Usiku ule usingizi wangu haukuwa mzuri. Nilikuwa naufikiria ule uzi ulivyokatika. Mkono mbaya ulikuwa umefanya kazi nzuri, kwa sababu kazi ile ilikuwa ya uzi, si ya mkono. Na mstari wa buluu nao ni vivyo hivyo: ukishaukaza uzi, vidole vitetemeke vipendavyo, uzi unajirudia mahali pake. Na asubuhi, njiani kwenda kazini, nikakumbuka kwamba nilikuwa na kitu cha namna hiyo kila siku mbele ya macho yangu.

Kwenye kompyuta ya dukani kulikuwa na vidoto, nukta ndogo ndogo, vilivyotapakaa kwenye ukurasa kama mbegu zilizopandwa kwa mistari. Ukivuta mstari ovyo, unakwenda ovyo. Lakini palikuwa na kitufe, ukikiwasha, kila doto linakuwa na nguvu ya kuvuta: ncha ya mstari wako ikikaribia, inarukia palepale na kunasa. Mwenye duka alikiita sumaku. "Washa sumaku, mwanangu," alikuwa akinambia nikipanga kadi, "harusi ya watu isiende upande."

Ijumaa, mwenye duka alipokwenda msikitini, ambako harudi mpaka alasiri, na barabara ikatulia, nilimwingiza mama kwa mlango wa nyuma. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama aliyekuja kwa daktari. Nilimshikisha mausi ya kompyuta.

Mshale ulichachawa kwenye kioo, huku na huku, kama nzi ndani ya chupa. Mama aliondoa mkono kama aliyeungua.

"Unaniweka uchi," alisema. "Nyumbani natetemeka kidogo. Huku natetemeka kwa ukubwa wa ukuta."

"Subiri, mama."

"Nnasubiri nini? Twende zetu kabla hajarudi bwana wa watu."

Nilikiwasha kitufe. Nikauchukua mkono wake, nikauweka tena pale, nikaufunika kwa wangu bila kuubana. "Vuta tu. Usiuzuie utetemekaji."

Akavuta. Mshale ulicheza, ukacheza, ukakaribia doto, na mstari ukaruka ukanasa. Umenyooka. Akavuta wa pili, ukanasa. Nikatoa mkono wangu. Wa tatu aliuvuta peke yake, wa nne akaukata pembe, na nikaliona jani likianza kutokea; jani lake, lenye kile kiuno kidogo ambacho hapana mchoraji mwengine Ole aliyeyapa majani yake.

"Na likipinda?" aliuliza bila kunitazama.

Nilimwonyesha namna ya kupinda. Feni ilipunguza mwendo, taa ikafifia, nikasema moyoni umeme usikatike, ya Rabbi, si sasa hivi. Haukukatika. Ua la kwanza lilipokamilika nilimfundisha kulirudia, likajipanga upande wa ndugu zake, nalo likanasa, mpaka ukanda wote wa kofia ukajaa kutoka doto la mwanzo hadi doto la mwisho. Alikuwa ameingia ndani ya ile kazi kama zamani, ncha ya ulimi kwenye pembe ya mdomo. Tukauchapa ukanda pamoja na duara la juu, tukatoka kwa mlango wa nyuma huku adhana ya alasiri ikiwa bado haijasikika.

Jumamosi, jua lilipochomoza tu, nilitoboa karatasi kwa sindano kuifuata michoro. Tukailaza juu ya bafta, nikaigongagonga kwa kitambaa chenye unga wa buluu ili upenye kwenye matundu. Tulipoinua karatasi, maua yalikuwa pale, safu nzima, kama yaliyotua yenyewe. Mama alisogea, akaweka kidole cha shahada kwenye ukingo wa nguo, akaganda.

Nilielewa kabla hajasema.

Ukanda wa kofia, ukishashonwa, huunganishwa kwa nyuma uwe mviringo. Kwa hiyo kila anayechora, kabla ya ua la kwanza, hulaza kidole kwenye ukingo wa bafta, na upana wa kidole hicho hauguswi. Ndio utakaomezwa na kiungo. Mama alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote bila kufikiria, kwa sababu nguo ilikuwa chini ya mkono wake. Kwenye kioo hapakuwa na nguo, na kidole chake kilikuwa juu ya mausi. Doto la mwisho lilikuwa ndio ukingo, na maua yalikwenda mpaka pale. Ua la mwisho lingeingia nusu ndani ya mshono. Kofia ya bwana harusi ingekuwa na ua lililokatwa kisogoni, na kisogo ndicho kinachotazamwa na msikiti mzima watu wakiwa kwenye safu.

"Tukung'ute tuanze upya," nilisema.

"Unga ukikung'utwa wote, bafta inabaki na kivuli. Wanga wa yule mtoto utachafuka."

"Sasa?"

"Hodi!" Somo alikuwa mlangoni.

Mama alinitazama. Palikuwa na muda wa kuifunika nguo kwa kanga na kusema bado, njoo kesho. Nilikwisha kuishika kanga. Mama akatikisa kichwa.

"Karibu, shoga. Ingia. Usitembee kwa kishindo, unga haujashika."

Somo aliingia kwa vidole vya miguu. Aliitazama bafta, akaitazama karatasi yenye matundu, akamtazama mama. Na mama, mbele yake, aliuinua mkono wa kulia na kuuacha hewani utetemeke.

"Ndio huu," alisema. "Ulitaka kuuona juzi. Uangalie vizuri."

Somo alisogea karibu, akauangalia.

"Maua ni yangu," mama aliendelea. "Nimeyachora Madungu, kwenye mashine. Na nimesahau kidole cha kiungo kama mtoto wa jana. Ua hili la mwisho nalipuliza, linaondoka peke yake. Pembezoni nitapiga mistari miwili, nyuma pawe na kipande cheupe kama mlango. Ukitaka, chukua. Hutaki, bafta nalipa, mpelekee mwengine."

Akainama, akapuliza ua la mwisho, kwa pumzi nyembamba ya mtu anayetoa vumbi jichoni mwa mwanawe. Likaondoka. Kivuli kidogo kilibaki, mahali ambapo mshono ungekifunika.

Nilichukua uzi wa buluu nishike ncha yangu. Somo akaninyang'anya.

"Lete huku. We nenda kachemshe chai, na leo nataka kikombe kizima."

Sikwenda. Somo alipiga magoti, akaikaza ncha yake. Mama akaikaza yake, akauinua uzi kwa vidole vinavyotetemeka, na uzi nao ukatetemeka, buluu ikadondoka chembe chembe karibu na nguo. Somo aliuma mdomo. Mama akaachia.

Tak. Mstari ulikuwa umenyooka.

Wa pili ulinyooka vilevile. Somo akaiachia ncha, akakaa kitako, akapumua kwa nguvu, tukamfokea sote wawili: "Usipumue!"

Akacheka mpaka machozi. Kisha akaikunja kanga juu ya bafta kwa uangalifu. "Lakini mie sitanyamaza," alisema mlangoni. "Wataniuliza, nitasema mkono wake unatetemeka. Kuficha sikuwezi. Nitawaambia pia waitazame kofia kwanza."

Na alisema. Baada ya harusi wapo waliopita na bafta zao mbele ya mlango wetu bila kubisha hodi, na mama aliwaona, akainuka akaenda kupalia muhogo. Wapo waliokuja. Mmoja aliomba kabisa awekewe ule mlango mweupe nyuma, akidhani ndio mtindo. Hawakuwa wengi kama zamani.

Ijumaa niliendelea kumpeleka Madungu, sasa kwa mlango wa mbele. Siku moja alimaliza ukanda, akaacha upana wa kidole aliokwisha kuupima kwa vidoto, akaweka mausi chini. Akajaribu kualisha vidole vya mkono wa kulia; havikutoa sauti. Akajaribu vya kushoto, mara ya kwanza kimya, mara ya pili vikalia.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimezuia pumzi, mbele ya kioo ambacho hakikuwa na unga wowote wa kupeperuka.