Nilimfundisha Mke Wangu Historia ya Bastola

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mke wangu hakunikimbia. Nilimfukuza mwenyewe, tena kwa bastola isiyoweza kuua hata nzi! Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kunilaani unilaani.

Mimi ni Mganda, naishi Sundbyberg, huku Uswidi. Kazi yangu ni kuhamisha vyombo kwenye nyumba za wazee waliofariki. Siku moja, kwenye droo ya cherehani, nikakuta bastola ndogo inayoenea kiganjani. Mwenye urithi akacheka, akasema ni pambo tu, nichukue.

Jamani, nilipagawa! Nikawa nasoma habari zake kila nikipata nafasi. Kumbe katika karne ya kumi na tisa zilitengenezwa kwa wingi kule Ubelgiji, silinda inazunguka, kifyatuo kinakunjwa kisinase mfukoni. Mabwana walizitia kwenye vizibao, mabibi kwenye vipochi. Hata waendesha baiskeli walikuwa na zao, za kutishia mbwa! Nikajiona profesa mzima.

Lakini mke wangu, Mama Furaha, ni Mkongomani wa Kivu. Kaka yake alipigwa risasi mlangoni kwao, yeye akiona kwa macho yake. Nilipomposa alinipa sharti moja tu: silaha isiingie nyumbani, hata ya kuchezea. Nikaapa! Na bado niliificha kabatini, ndani ya soksi.

Jumamosi moja tukiwa jikoni, binti yetu Furaha, mtoto wa miaka sita, akaingia ameishika kwa mikono miwili.

"Mamma, titta!" Anamwambia mama yake kwa Kiswidi atazame, huku amemwelekezea.

Mke wangu akapiga magoti, mikono juu. Mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe!

Na mimi je? Nilicheka, ndugu yangu. Nilicheka, kisha nikaanza somo. "Tulia, Mama Furaha. Hii ni ya kale, risasi zake hazitengenezwi tena. Imetoka Ubelgiji, ina historia yake..."

Akanyanyuka taratibu. "Baba Furaha, na ile yenye iliua kaka yangu, ilikuwa na historia gani?"

Siku ileile akamchukua mtoto, wakahamia kwa dada yake, mtaa wa Rinkeby.

Bastola nikaipeleka polisi. Nikampigia simu mbio mbio, nikidhani yameisha. "Mke wangu, haipo tena, rudi nyumbani."

"Si ile kitu tena," akanijibu. "Ni weye. Uliniona niko chini, ukacheka."

Akakata. Nililia kama mtoto, na bado nalia. Nyumba imekuwa kimya mno!

Nakuomba wewe uliyeoa mtu aliyekimbia vita, usibishane na hofu yake. Hata uwe na ukweli wote wa vitabuni, uweke pembeni. Akianguka, shuka chini naye umshike. Mimi nilibaki nimesimama, naongea.