Limi Alivyojifungia na Homa

Homa ilimkuta Limi akikanda unga wa maandazi. Maji yale yale ya kila siku yalimchoma kwa baridi. Wakati mwingine angemeza panadol na kuendelea na kazi. Lakini siku hizo mji wote wa Biharamulo ulikuwa na habari moja tu: vijijini watu walikuwa wamekufa kwa homa, wengine wakitokwa damu. Gari lenye vipaza sauti lilipita mitaani likisema watu wasishikane mikono, na mwenye homa awahi kituo cha afya.

Alipopiga mswaki akatema, mate yalikuwa mekundu.

Alisimama nyuma ya choo akiyatazama. Kisha akayafukia kwa ndala, akaangalia huku na huku kama mwizi.

Limi ni Msukuma. Alifika Biharamulo na mumewe wakitafuta malisho. Ng'ombe walipoisha, mume alikwenda machimboni na hakurudi. Limi akapanga chumba pembeni mwa mji, kwenye nyumba za tofali za udongo ambako mvua ikinyesha maji hutuama hadi mlangoni na mbu hawakomi. Aliuza chai na maandazi karibu na stendi, akamsomesha binti yake, Diana, aliyekuwa darasa la tano. Bima hakuwa nayo. Ugonjwa wowote aliupeleka duka la dawa, na safari ikaishia hapo.

Safari hii hata dukani aliogopa kwenda, wasije wakamuuliza dalili. Aliogopa kufa, lakini zaidi aliliogopa lile gari linalochukua wagonjwa. Watu walisema ukishapanda, ndugu zako hawakuoni tena, na ukifa unazikwa kwenye mfuko na watu waliovaa kama warina asali.

Akamwambia Diana akalale kwa Agripina, jirani wa chumba cha pili. Akafunga mlango kwa ndani.

Asubuhi iliyofuata Diana aligonga.

"Mama, shikamoo. Mbona umefunga?"

"Marahaba. Kichwa kinaniuma. Nenda shule."

"Sare yangu iko ndani."

Limi alijikokota, akaitoa sare juu ya kitanda, akaipitisha dirishani. Mtoto alipoipokea ndipo Limi akakumbuka alikuwa ameilalia, na jasho lake lote liliingia humo.

"Iache!" akapiga kelele. "Usiivae! Itupe chini ukanawe. Kwa sabuni, Diana, unanisikia? Nawa!"

Diana hakuwahi kupigiwa kelele namna ile. Aliangua kilio, na kilio hicho ndicho kilichomleta Agripina, muuza ndizi wa Kihangaza kutoka Mabawe, mwanamke asiyependa kuingilia mambo ya watu. Alisogea mlangoni.

"Limi, una homa?"

"Ninayo."

"Limi, mdogo wangu. Na nini kingine?"

"Damu," sauti ikatoka ndani. "Mdomoni."

Limi alisikia ndala za Agripina zikirudi nyuma. Hakumlaumu. Alifumba macho akangoja ziende moja kwa moja, lakini zilisimama.

"Nampigia Audax," Agripina akasema. Audax alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, yule aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za wagonjwa.

"Usimpigie! Nakuomba, dada. Wakinichukua sirudi."

"Na ukifia humo ndani, Diana nimwambie nini? Nimemshika mkono hapa. Niambie nimwambie nini."

Audax alipofika alisimama mbali na mlango, akazungumza naye kwa upole hadi akafungua komeo, kisha akapiga simu. Gari lilipokuja, ua ulikuwa mtupu. Wapangaji wote walikuwa wamejifungia, wakichungulia. Agripina peke yake alibaki, amemkumbatia Diana kwa nguvu asije akamkimbilia mama yake.

Walimlaza Limi kwenye hema la kuwatenga wagonjwa. Kila aliyeingia alikuwa amefunikwa mwili mzima. Walimchoma kidole, wakamtoa damu mkononi, na kila sindano aliona ndiyo ya kummaliza. Akakataa maji. Akakataa kujibu.

Ndipo mmoja wao akainama karibu yake. "Mwangaluka, mayu," akasema.

Limi akageuza kichwa. Miaka mingapi hakuna mtu mgeni aliyemsalimu kwa Kisukuma na kumwita mama! Aliona macho tu nyuma ya miwani, yenye uchovu. Muuguzi alimwambia anaitwa Magdalena, kwao Geita. Akasema kipimo cha malaria kimeonyesha malaria kali na watamtibu mara moja, ila ule ugonjwa mwingine majibu bado.

"Na damu?"

"Fizi zako zimevimba, mayu. Inaweza kuwa hizo tu. Lakini siwezi kukudanganya, tungoje."

Kungoja kule Limi hawezi kukusimulia vizuri. Anasema alisikiliza kila hatua nje ya hema. Kila mara alipitisha ulimi kwenye fizi kutafuta ladha ya damu, na aliipata.

Majibu yalikuja safi, na kipimo cha marudio kikaja safi pia. Ilikuwa malaria. Daktari alimweleza kwamba kama angekaa ndani siku moja zaidi, ingempanda kichwani.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Bombani wanawake walimpisha, lakini wakasogeza ndoo zao mbali. Chai yake iliuzika kwa shida kwa muda mrefu. Lakini kilichomuuma ni Diana, aliyesimama kibarazani akimtazama bila kujua kama anaruhusiwa kumgusa. Agripina alilazimika kumsukuma mgongoni.

Mvua zilizofuata, Diana aliamka anachemka mwili. Limi alikaa kitandani kidogo, mawazo yote yale yakirudi. Halafu akamfunga khanga, akambeba mgongoni mtoto mkubwa vile, akaenda zahanati. Langoni, muuguzi alipoelekeza kipima joto kwenye paji la uso la Diana, Limi alitaka kukimbia. Alibaki.

Ilikuwa malaria, imewahiwa. Walipewa dawa wakarudi nyumbani. Hofu haijamtoka Limi. Hadi leo akitema mate, huyatazama kwanza.