Mgeni wa Kupima Umeme

Msimamizi wa kituo chetu cha maziwa, hapa kijijini Kituntu, ni mama mwenye mikono isiyotulia. Hufuta kifuniko cha tangi, kingo za ndoo, hata mizani aliyoifuta punde. Aliposikia mtaalamu anakuja kupima umeme unaoliwa na tangi la kupozea, alijiandaa kama watu wanavyofagia uwanja kwa ajili ya mgeni: alilizima tangu jana yake. “Hongera, mama, mnatumia kidogo mno,” mtaalamu alisema akisoma mita, kisha akafunua tangi. Maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yamechacha na kuganda. “Nilitaka usitukute tunafuja, mwanangu,” mama alisema. “Basi tumebana matumizi,” akasema jirani yake Polikarpi, mwenye maziwa ya ndoo mbili mle ndani. Mama alimkaribisha mgeni chai. Ilikuwa ya rangi.