Makombe ya Bahari kwenye Keki ya Yaya

Nikisikia harufu ya vanila ikichanganyika na moshi wa makaa, narudi uani kwetu, mtaa wa Mabanga, ambako Mama alioka keki za harusi ndani ya sufuria kubwa, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. "Gato ni kama mutoto muchanga," alikuwa akituonya tusiiguse keki. "Ukimufunuafunua, atalia." Basi tulipita karibu na sufuria ile kwa ncha za vidole, tukinong'ona, kana kwamba kweli kuna mtu amelala mle.

Keki ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya dada yangu mkubwa, Yaya Esperansi. Mchumba wake, Bahati, alikuwa dereva wa lori, na aliporudi kutoka Mombasa alimletea kopo la maziwa limejaa makombe ya bahari, mengine meupe, mengine ya waridi kama ulimi wa paka. Sisi tulijua ziwa tu, na mawe meusi ya volkano. Bahati alimwambia ayapange juu ya keki, ili bahari ije harusini kabla wao wawili hawajaenda kuiona pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuyaosha kwa maji ya ndimu. Moja nililamba kwanza kwa siri, nikaonja chumvi, na tangu hapo nikaamini kila neno lililotoka kinywani mwa Bahati.

Siku chache kabla ya harusi, vita vikawaka Masisi, kijijini kwao Bahati. Akapanda pikipiki kwenda kuwachukua wazazi wake.

"Nitarudi nabo," alisema.

Wakimbizi wakaanza kuingia Ndosho, mtaa wa mwisho wa mji wetu, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Bahati hakuonekana. Mama alitaka tuahirishe; Yaya akakataa katakata. Asubuhi ya harusi alikaa mbele ya keki na kuyachomeka makombe mojamoja kwenye krimu, makubwa chini, madogo juu, nami nikimpokeza.

Ndipo mama yake Bahati akaingia uani. Alikuwa na kiatu kimoja mguuni, kitenge kimelowa tope. Alikuwa peke yake.

"Bahati iko wapi, mama?" Yaya aliuliza.

"Alinifikisha kwa barabara, akaniacha na majirani. Njo akarudi kuchukua muzee, baba yake, juu muzee hawezi kutembea. Benye balitoka nyuma yetu baliona nyumba inawaka. Bote babili balikuwa ndani."

Mama alipiga yowe, na majirani wakajaa. Yaya hakulia. Alileta beseni, akamwosha yule mama miguu. Kisha akayang'oa makombe ya juu ili yasimwumize meno, akakata kipande, akapiga magoti na kumlisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Asante, mutoto wangu," alisema yule mama, akitafuna huku machozi yakimdondoka kwenye krimu.

Nilidhani Yaya anamlisha kwa sababu ya njaa ya safari. Tena nilikasirika kidogo, kwa kuwa keki ilikatwa bila wimbo, bila vigelegele, na iliyobaki ikapelekwa kanisani kwa watoto wa wakimbizi. Yule mama alibaki kwetu. Wanaume wengine walipokuja kumposa Yaya, aliwapa chai na kuwasindikiza kwa adabu hadi barabarani. Nikadhani anamwonea huruma kizee asiye na mtu.

Miaka ikapita, nami nikaolewa, katika ukumbi mmoja wa Himbi. Tulipokata keki, msimamizi akaniambia nichukue kipande nikamlishe mama mkwe wangu, kama mabibi harusi wote wanavyofanya kwetu. Nilipiga magoti. Nikasita, kipande kikiwa mkononi, na watu wakacheka, wakidhani ni haya. Nikageuza macho nikamwona Yaya kando ya ukuta, amemshika mama yake Bahati kiwiko, wote wawili wakinitazama bila kupepesa.

Ndipo nikajua kwamba asubuhi ile, uani kwetu, Yaya aliolewa.