Jiwe la Kutuchukua Wote

Ukurasa wa kwanza niliupata ukiwa na mafuta na chumvi. Nilikuwa nimenunua karanga za kukaanga kwa mama anayeuza kando ya barabara kuu pale Ihanja, naye alinifungia kama wanavyofunga wote, kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni na kusokotwa kama pembe. Nilikaa kwenye benchi nje ya mashine ya kukamua alizeti ninakofanya kazi. Karanga zilipoisha niliikunjua ile karatasi, kwa sababu tu mikono yangu ilikosa kazi. Ilikuwa wiki ya sita tangu nimzike mke wangu.

Ukurasa ulieleza habari za jiwe. Ulisema angani kuna mawe makubwa kama milima yanayolizunguka jua kama dunia inavyolizunguka, na kwamba njia ya jiwe na njia ya dunia zinaweza kukutana. Jiwe la namna hiyo likigonga, vumbi litapanda na kufunika anga, jua lisionekane kwa miezi, mimea ife, kisha wanyama wanaokula mimea, kisha wanaokula wanyama hao. Hapo ukurasa uliishia.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Sayansi ninayoikumbuka ni maharage tuliyootesha kwenye pamba na sehemu za mwili wa panzi. Niliusoma ukurasa ule mara tatu. Labda mtu mwingine angeogopa. Mimi nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mimi na mke wangu tulikuwa na ubishi wa miaka mingi juu ya nani atatangulia. Ulianza kama mzaha tukiwa tunakula ugali wa mtama.

"Mimi ndiye nitakayetangulia," alikuwa akisema. "Kubaki ni kazi, na wewe ndiye unayeweza kazi."

"Hata mlenda siwezi kupika."

"Utajifunza. Majirani watakucheka mwezi mmoja, halafu watachoka."

Kisha akapata kansa ya kizazi. Tulikwenda Singida mjini, tukarudi, tukaenda tena, mara ya mwisho tukaambiwa tukae nyumbani. Siku zile hakutania tena. Aliniuliza mara moja tu, "Utaweza?" Nikamjibu kwamba nitaweza. Sikuwa nasema kweli, na nadhani alijua.

Jiwe lile lilimaliza ubishi wetu. Lingekuja mchana mmoja likamchukua anayetangulia pamoja na anayebaki. Asingekuwepo wa kuchimba kaburi, wala wa kukaa matangani akiambiwa kwamba Mungu amempenda marehemu zaidi. Kitu kimoja tu ndicho nilichotaka kujua: kama linakuja, na kama kweli likija halitamwacha mtu.

Kesho yake saa ya chakula nilirudi kwa mama wa karanga.

"Shemeji," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu yeye na mke wangu walizaliwa kijiji kimoja. "Jana karanga, leo karanga. Meno umeazima wapi?"

"Nifungie kwenye ukurasa unaofuata ule wa jana."

"Unaofuata upi? Mimi nachana pale mkono unapoangukia."

Alikivuta kitabu kutoka chini ya sinia. Hakikuwa na jalada, na kurasa nyingi zilikwisha kwenda. Alikuwa amekinunua kwa kilo pamoja na madaftari ya zamani. Nilimwomba aniuzie chote.

"Halafu wateja niwafungie kwenye viganja vyangu? Kaa hapo kwenye ndoo usome. Nikihitaji karatasi nitachana."

Basi kila mchana nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikasoma kilichobaki, nikimsimulia habari za jiwe. Nilisoma kwamba nyota ikilipuka jirani yetu, mionzi yake inaweza kuharibu hewa inayotukinga na jua. Nilisoma kwamba jua lenyewe lina dhoruba zake. Mengine sikuyaelewa, na mengine yalikatika katikati kwa sababu ukurasa ulikuwa umekwenda na karanga za mtu. Lakini kila sura iliishia na maneno yaleyale, kwamba hatari ni ndogo sana katika umri wa binadamu, msomaji asiwe na hofu. Mwandishi alidhani ananituliza. Mimi nilikuwa kama mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi, dirisha likafungwa alipolifikia.

Ijumaa nilipata ukurasa niliokuwa nautafuta. Ulisema jiwe kubwa lilikwisha kuipiga dunia, zamani sana kabla ya watu. Mijusi mikubwa iliyokuwa imejaa nchi kavu ilikufa. Kisha ulisema si wote waliokufa.

"Mbona umenyamaza hivyo, shemeji?" mama wa karanga akaniuliza. "Limetupiga?"

"Lilikwisha kupiga, zamani."

"Wakafa wote?"

"Wakubwa ndio. Kuna wadogo waliobaki, mfano wa panya. Walikuwa mashimoni."

"Na mimea imekufa? Walikula nini?"

"Mbegu. Na wadudu."

"Hao wangekuwa wateja wangu," akasema akicheka. Aliponitazama usoni akaacha kucheka. "Kubaki si vibaya sana, shemeji."

"Wewe umewahi kubaki?"

Aligeuza karanga kwa mwiko, akageuza tena. "Mara mbili," akasema. "Mume, na mtoto wangu wa kwanza."

"Basi unajua si kweli hilo uliloniambia."

"Najua. Sasa ulitaka nikuambie nini?"

Basi la kutoka Manyoni likasimama, abiria wakafungua madirisha wakaanza kumwita. Alininyooshea mkono. Ukurasa uliokuwa chini ya kidole changu ulikuwa wa jinsi wale wadogo walivyoishi katika lile giza. Nilikuwa nimesoma mstari wa kwanza tu. Nilimpa kitabu.

Aliuchana, akausokota, akautia karanga, akampandishia mwanamke mmoja dirishani. Basi likaondoka kuelekea Singida. Ningeweza kumwambia aanze na ukurasa mwingine, na asingekataa, lakini sikutaka kujua waliishije. Nilikuwa nimetaka jiwe lisilobakiza mtu, na hata lile lililofunika jua lilibakiza.

Niliinuka kwenye ndoo nikarudi kazini. Mwenzangu alikuwa ameshawasha mashine. Aliniuliza kwa ishara kama nimekula, maana kelele ni nyingi mle ndani, nikaitikia kwa kichwa, nikabeba gunia.